Herufi S kwenye Folda ya Koboko

Driciru alisahau kumpa kiti. Hilo peke yake lilimtosha Jamilah Nasur kujua kwamba ameitwa kwa jambo baya, maana Arua nzima hakuna ofisi inayomwacha mgeni amesimama mpaka salamu ziishe.

"Afande, simama hapa nyuma yangu. Ona skrini."

Jamilah hakuwa afande tena. Aliuacha upolisi miaka sita iliyopita, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi na goti moja bovu, na tangu hapo mashirika ya West Nile, pembe hii ya Uganda, yalimkodi kuchunguza mambo ambayo hayakutaka yafike kituoni. Lakini watu wa mji huu wakishakuita afande, utazikwa na jina hilo.

"Jumatano nilikupigia simu mara tatu," Driciru alisema bila kugeuka.

"Niliona."

Aliona kweli. Aliitazama simu ikiita juu ya meza yake, akasoma jina, akaiacha. Kesi ya Ludara alikuwa ameifunga wiki tatu nyuma, na yeye hakuwa na tabia ya kufukua alichozika. Leo Jumamosi asubuhi Driciru alikuwa amemtumia ujumbe wa maneno manne: Njoo. Yangi hana kosa.

Shirika lenyewe liliitwa Rudisha Jamaa. Lilitafuta ndugu waliopotezana wakikimbia vita Sudan Kusini, na wachache ambao hawakutaka kupatikana liliwaficha. Ofisi zilikuwa mbili, Arua na Koboko, na faili zote zilikaa katika kompyuta kuu moja, seva, kwenye chumba hiki cha Arua. Driciru ndiye aliyeitunza. Kesi ilipotokea, yeye alikuwa Kampala kozini, akarudi Jumanne ya wiki hii.

Kesi ilikuwa hivi. Rosa Kiden, mjane, alifichwa na binti yake wa miaka saba katika nyumba moja Ludara, ili shemeji zake wasimpate mtoto. Asubuhi moja shemeji wakafika mpaka mlangoni, wakambeba mtoto. Kwenye seva ikakutwa faili fupi iliyoeleza njia ya nyumba ile, kona kwa kona, mpaka rangi ya mlango. Jamilah alipewa siku nne kumtafuta aliyeiandika, akamaliza kwa siku mbili na kujisifu moyoni. Aliandika jina la Yangi Duku, karani wa Koboko, mtu yuleyule aliyempeleka Rosa mafichoni. Yangi alifukuzwa siku hiyohiyo. Mtoto alipatikana Omugo siku ya tisa, mzima, akarudi kwa mama yake. Jina la Yangi halikurudi. Koboko iliendelea kumwita mtu aliyeuza mtoto.

"Karatasi yako iko?" Driciru aliuliza.

Jamilah aliitoa mkobani. Ilikuwa orodha iliyochapwa kutoka kwenye seva, na mstari mmoja aliupigia wino mwekundu. Kila faili mle ndani ilibeba majina mawili: jina la akaunti iliyoiunda, na jina la kundi, yaani watu wanaoruhusiwa kuisoma pamoja. Kwenye mstari mwekundu, akaunti ilikuwa ofisi. Kundi lilikuwa koboko.

"Nieleze vile ulifikiri," Driciru alisema. "Pole pole."

"Akaunti ya ofisi ni ya watu wote, Arua na Koboko. Neno lake la siri limebandikwa ukutani. Kwa hiyo haisemi kitu. Lakini kundi linasema. Yule fundi aliyeshika nafasi yako aliniambia faili mpya huchukua kundi la aliyeiunda. Kundi la koboko lina watu wawili. Angelo, mkuu wao, alikuwa amelazwa hospitali wiki ile. Akabaki Yangi."

"Fundi alikuambia nusu."

"Nusu gani?"

Driciru alivuta kibodi karibu. Aliingia kwa akaunti ya ofisi, akafungua folda iliyoitwa Pamoja, akaunda faili tupu na kuipa jina jaribio. Mstari ukatokea: ofisi, wote. Akatoka, akafungua folda ya Koboko, ambayo kila mtu aliruhusiwa kutia kitu ndani yake, akaunda faili nyingine ya jina lilelile. Mstari ukatokea: ofisi, koboko.

Jamilah aliinama karibu na skrini. Goti lilimuuma na hakulijali.

"Mimi niko mutu ya Koboko?" Driciru aliuliza. "Mimi niko Mlugbara, nimekaa kwa kiti ya Arua, nimetumia akaunti ya kila mutu. Na ona, mtoto ametoka Mkoboko."

"Umeibadilisha wewe."

"Kwa akaunti hii mimi hapana weza. Kubadilisha kundi, lazima wewe mwenyewe uko ndani ya kundi ile. Ofisi haiko ndani ya koboko. Hata Yangi, akitumia akaunti ya ofisi kwa folda ingine, faili yake ingetoka wote. Ile koboko haikutoka kwa mutu, Afande. Imetoka kwa folda." Akaandika amri nyingine, na safari hii seva ikaonyesha folda yenyewe badala ya vilivyomo. Katika msururu wa herufi zilizotangulia jina lake kulikuwa na s moja ndogo. Driciru aliiwekea kidole. "Kawaida faili mpya inafuata kundi ya baba, yule ameiunda. Lakini folda ikiwa na hii s mlangoni, kila mtoto anazaliwa humo anachukua ukoo ya nyumba. Baba ni nani, nyumba haiulizi."

"Kama mtoto aliyezaliwa kwa wajomba," Jamilah alisema taratibu, "na mahari haijaisha."

"Hivyo hivyo. Wajomba wanasema, huyu wetu."

"Mbona karatasi yangu haina s?"

"Kwa sababu fundi alikuchapia vitu viko ndani ya folda. Folda yenyewe hapana chapa. Alikuonyesha watoto, mlango hakukuonyesha. Na wewe hukuuliza."

Hakuuliza. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwafundisha makonstebo kwamba ushahidi unaokubaliana nawe upesi ndio wa kuuliza mara mbili, na karatasi moja ilipokubaliana naye aliishukuru.

"Nani aliiweka hiyo s?"

"Mimi. Miaka mbili imepita. Yangi ndiye aliomba. Wenzake wa Arua walikuwa wanatia ripoti kwa folda ya Koboko, yeye anashindwa kufungua, kwa sababu kila moja inakuja na kundi ya mwenyewe. Nikaweka s, shida ikaisha." Driciru alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Yeye alijua, Afande. Hakukuambia?"

Jamilah alifungua daftari lake, akarudi nyuma mpaka siku aliyomhoji Yangi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri siku ile, wa mtu asiye na shaka. Yangi alikuwa amesema, naye akayaandika maneno kama yalivyotoka: Ile faili iko ya kikundi yangu, lakini mimi si baba yake. Imezaliwa tu kwa nyumba yetu. Chini yake Jamilah alikuwa ameongeza: Amekiri faili ni ya kundi lake. Akapiga mistari miwili.

Aliona aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Mtu alimweleza jambo lote kwa sentensi mbili, kwa lugha ambayo Jamilah aliinyonya pamoja na maziwa ya mama yake hapa hapa Arua, na yeye akalisikia kama maneno ya kujificha. Husemwa majuto ni mjukuu. Jamilah alikuwa na wajukuu watano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjia na uzito huu.

"Nani basi?" aliuliza.

"Hapo mimi nimesaidiwa na ile kundi," Driciru alisema. "Ukihamisha faili ndani ya seva hii, ni kama umembeba mtoto mgongoni. Anafika na kundi yake ya zamani. Ukinakili, umezaa mwingine, na yule mpya anachukua ukoo ya pale amezaliwa. Hii yetu iko na koboko. Kwa hiyo ama iliandikwa pale pale, ama ilinakiliwa. Kama ilinakiliwa, ya kwanza iko mahali. Nikaambia seva itafute maneno yake kila folda."

"Ukaipata."

"Folda ya Magari. Dakika kumi na nne kabla."

Maneno yalikuwa yaleyale. Kanisa, halafu mashine ya kusaga, halafu kusoto, mlango wa kijani. Kusoto, si kushoto. Jamilah alikuwa ameliona kosa hilo wiki tatu nyuma, akacheka kidogo, akaendelea mbele. Akafungua tena daftari, kwenye barua ya Yangi ya kujitetea aliyoibana humo. Mstari wa nne, Yangi aliandika kushoto, herufi zote mahali pake.

Juu ya faili ya Magari akaunti ilikuwa constantino. Kundi, magari.

*

Mzee Constantino alikuwa uani, ameshika kijiti cha kupimia oili, akikitazama kwenye mwanga. Alisimamia magari ya shirika tangu lianze, na madereva walimwogopa kuliko mkurugenzi. Alipomwona Jamilah anakuja na Driciru nyuma yake, alikifuta kijiti kwa kitambaa, akakirudisha mahali pake, akafunga boneti.

"Mama Jamilah. Habari ya nyumbani?"

"Njema, Mzee. Uliandika njia ya Ludara?"

Mzee alikunja kitambaa mara mbili.

"Niliandika."

"Kwa nani?"

"Kwa Santo, dereva. Alikuwa napeleka unga na sabuni kwa yule mama. Yeye hapana jua Ludara. Mimi najua, nilikwenda na Yangi siku ya kwanza."

"Na ile ya folda ya Koboko?"

"Nilikwenda mapokezi kuchapa karatasi, kwa ile kompyuta ya akaunti ya ofisi. Nikaona, wacha niweke moja kwa Koboko, wajue gari iko njiani. Ni hivyo tu, Mama. Kwa Mungu."

"Santo alifanya nini na karatasi?"

Mzee alikikunjua kitambaa. Lori lilikuja barabarani, likapunguza mwendo, likapita.

"Alipotea," Mzee alisema. "Alifika soko ya Ludara, akapotea. Akaonyesha watu karatasi. Nyumba hii iko wapi, mlango ya kijani iko wapi. Mutu moja akamwelekeza vizuri sana. Kumbe alikuwa shemeji ya yule mama."

"Santo alikuambia lini?"

"Ile jioni alirudi."

"Kabla mtoto hajachukuliwa."

"Siku mbili kabla."

Driciru alitoa sauti ndogo. Jamilah alibaki akimtazama mzee, mikono yake iliyojaa mafuta, kofia yake safi. Alimtafuta mwovu usoni pale na hakumpata, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Ungesema siku ile, Rosa angehamishwa. Ungesema baadaye, Yangi asingefukuzwa. Wiki tatu, Mzee!"

"Nilikuwa nakuja kusema. Halafu wewe ukaandika Yangi. Nikafikiri, afande mukubwa ameona kitu mimi sijaona. Nikafikiri labda na yeye alifanya." Mzee Constantino alivua kofia. "Nilipenda kufikiri hivyo. Ilinifaa."

Jamilah alijua kwamba yeye pia ilimfaa.

Kabla ya saa tano alikuwa ameandika taarifa mpya, Mzee ameitia sahihi, na mkurugenzi, aliyeitwa kutoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, ametia sahihi barua ya kumsafisha Yangi na kumrudisha kazini. Jamilah aliisoma mara mbili. Halafu akachukua gari na kushika barabara ya Koboko, akapita Maracha bila kusimama hata kununua maji.

*

Yangi alikuwa akifyatua matofali kando ya mji, kwenye kiwanja kilichokuwa na kibanda kimoja na msingi mpya wa nyumba. Mtu mrefu, shati la ofisini limechanwa mikono, tope mpaka viwikoni. Alimwona Jamilah anashuka garini akichechemea, hakusimama.

"Mama umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Ngoja nimalize hii. Udongo itakauka."

Alijaza kibao cha kufyatulia, akasawazisha kwa kiganja, akageuza, akainua. Tofali likabaki chini likiwa na kona zake nne kamili. Alifyatua mengine mawili. Jamilah alisimama juani akangoja, akiona kwamba kungoja huku alikustahili.

Yangi aliponawa mikono kwenye ndoo, Jamilah alimwambia yote, kuanzia ujumbe wa Driciru wa asubuhi ile mpaka kofia ya Mzee Constantino. Halafu akafungua daftari, akamsomea sentensi zake mbili, na maneno yake mwenyewe yaliyokuwa chini yake, na ile mistari miwili. Hakuruka kitu.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema. Mimi sikukusikia. Nilitaka kumaliza haraka, nikasikia kile nilichokuja nacho. Nimekukosea, Yangi. Nakosa hata namna ya kulisema."

Yangi aliichukua barua ya mkurugenzi kwa ncha za vidole asiichafue. Aliisoma pole pole, kama karani, mpaka tarehe.

"Hii iko ya leo."

"Ya leo. Nimepita kwa Rosa Kiden kwanza. Ameisikia. Analia tu. Amesema atakuja kwako mwenyewe, na kesho kanisani atasimama aseme mbele ya watu."

"Ni vizuri." Alitikisa kichwa mara kadhaa. "Rosa ni mutu muzuri. Driciru ataondoa ile s?"

"Amesema ataiondoa leo, mpaka watu waelewe."

Yangi alicheka kidogo, kicheko kisichofika popote.

"Aondoe. Lakini zile za zamani hazigeuki, Mama. Zimekwisha zaliwa, zinabaki na kundi yake. Yeye mwenyewe alinifundisha. S inafanya kazi siku ya kuzaliwa tu."

Jamilah hakuelewa kwa nini anaambiwa hivyo. Alitazama kibanda. Mlango ulikuwa wazi, na ndani hakukuwa na sufuria, wala kanga kwenye kamba, wala sauti. Alipomhoji Yangi wiki tatu nyuma, Keji, mkewe, ndiye aliyewaletea chai, tumbo likiwa kubwa, akitembea ameshika kiuno.

"Keji yuko wapi?"

"Kaka zake walikuja ile wiki ya kufukuzwa. Walisema dada yao hawezi kaa kwa mutu anauza watoto. Mimi sikuwa na mdomo. Mahari haijaisha, ng'ombe mbili zimebaki, na sisi kwa desturi yetu, kama ng'ombe haijaisha, unanyamaza." Alikunja barua, akaitia mfukoni mwa shati, akaufunga mfuko kwa kifungo. "Nilikuwa nafikiri, nitajenga haraka, nitamrudisha kabla. Azalie hapa."

"Amejifungua?"

"Mtoto mwanaume. Wanasema anafanana na mimi. Wajomba wamempa jina ya nyumba yao."

Jamilah alifungua mkoba, akaufunga tena. Alitafuta jambo la kufanya, maana kufanya ndiko alikojua.

"Nitakwenda kwao. Sasa hivi, na barua. Nitawaambia kosa ni langu. Keji watamrudisha."

"Enda, Mama. Keji watamrudisha, na mtoto watamrudisha, mimi najua. Jina nitaomba, ng'ombe nitatafuta. Labda watabadilisha, labda hapana. Hiyo iko kwa mikono yao." Yangi alikuwa ameshika tena kibao, lakini hakukijaza. "Mimi nauliza kitu moja tu. Amezaliwa Alhamisi jioni. Kama hii barua ingefika Alhamisi asubuhi, mimi ningekwenda nayo kwa miguu, ningemleta Keji hapa, hata kwa kibanda. Driciru amerudi Jumanne. Ilikuwa wapi, Jumatano?"

Jua lilikuwa limesimama juu ya kiwanja, na matofali mapya yalikuwa yameanza kugeuka rangi pembeni. Jamilah alijua majibu mengi ya kumpa mtu anapouliza hivyo. Alikuwa ameyatumia miaka ishirini na miwili.

"Ilikuwa inaita mezani kwangu," alisema. "Mara tatu. Niliitazama, sikuipokea."